Sanduku la Posta la Usharika: Limesajiliwa kwa Jina la Nani, na Ufunguo Anao Nani?

Katika ziara za ufuatiliaji wa miradi tunazofanya kila robo mwaka, tumekuwa tukiziuliza kamati za sharika swali ambalo wengine huliona dogo: sanduku lenu la posta limesajiliwa kwa jina la nani? Jibu la haraka huwa ni "la usharika." Lakini risiti ya malipo inapotolewa kwenye faili mambo hubadilika. Sanduku moja lina jina la mchungaji aliyestaafu zamani. Jingine ni la shule ya msingi jirani, na usharika unapokea barua zake kwa hisani ya mwalimu mkuu. Jingine ni la duka la mzee wa kanisa ambaye kwa moyo mwema alisema, "tumieni la kwangu." Sharika nyingine hazina risiti kabisa, na hakuna anayekumbuka ada ililipwa lini mara ya mwisho.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya kamati hizo, na pia kwa ajili ya wafadhili na sharika rafiki za nje ambao huandika anwani zetu kwenye bahasha bila kujua nini hutokea bahasha inapofika huku.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi hakuna anayeandika barua, kila kitu ni simu na barua pepe. Kwa salamu na mipango ya safari hilo ni kweli. Lakini hebu tuangalie kinachoendelea kuja kwa posta: notisi na barua za taasisi za Serikali, taarifa za benki, hati za kuitwa mahakamani, barua za rejesta kutoka nje, vifurushi vya vipuri vya mashine za zahanati, vitabu vya shule ya Biblia, na barua na picha za wafadhili kwa watoto wanaosomeshwa. Barua za kupiga soga ndizo zilizohamia kwenye simu. Zilizobaki posta ni zile ambazo zikipotea zinaleta hasara.

Masanduku ya aina mbili

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo kwa Kiswahili vyote huitwa sanduku. Lipo sanduku la kupostia, lile la nje ya ofisi ya posta lenye mdomo, ambalo mtu yeyote hutumbukiza barua iliyobandikwa stempu. Hilo halina mwenyewe isipokuwa Posta. Na lipo sanduku la binafsi la kupokelea, kile kisanduku kidogo chenye namba na kitasa, kilichopangwa ukutani pamoja na vingine mamia. Hilo ndilo tunaloandika kwa kifupi S.L.P. Linaitwa la binafsi kwa sababu amekodishwa mtu au taasisi moja, lakini sanduku lenyewe ni mali ya Shirika la Posta. Mpangaji amepewa haki ya kulitumia kwa mwaka mmoja mmoja, kwa masharti.

Kwa wasomaji wetu wa Ulaya na Marekani jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Kwenu tarishi huleta barua mlangoni, na sanduku la posta ni huduma ya ziada kwa anayeitaka. Huku kwetu sanduku ndilo anwani yenyewe. Tangu Wajerumani walipofungua ofisi za kwanza za posta Bagamoyo na Dar es Salaam mwaka 1890, kupitia wakati wa Waingereza ambapo posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, utaratibu wa kawaida ulikuwa ni mtu kuifuata barua yake posta. Shirika la Posta Tanzania lililoanza kazi tarehe 1 Januari 1994, baada ya Posta na Simu kutenganishwa, liliurithi utaratibu huo. Nyumba nyingi hazikuwa na namba wala mitaa haikuwa na majina, kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine.

Kutokana na historia hiyo kuna jambo moja ambalo wafadhili husahau mara kwa mara. Namba ya sanduku peke yake si anwani. Kila ofisi ya posta ina mpangilio wake wa namba, kwa hiyo S.L.P. 20 ipo Moshi, ipo Bukoba, na ipo Iringa, na wenyewe ni watu tofauti kabisa. Bahasha iliyoandikwa jina la usharika, namba ya sanduku na "Tanzania" bila jina la mji inamwachia karani kazi ya kubahatisha. Vilevile mji ulioandikwa kwenye anwani ni mji wa ofisi ya posta. Usharika wenyewe unaweza kuwa kilometa 60 kutoka hapo, juu milimani, na barua ikasubiri mpaka siku ya soko mtu atakaposhuka.

Masharti ya kukodi

Sanduku hukodiwa kwa kujaza fomu katika ofisi ya posta ambako sanduku lipo. Mtu binafsi huleta kitambulisho. Taasisi huleta barua rasmi yenye muhuri, inayotaja jina la taasisi, jina la kiongozi wake na watu walioruhusiwa kushughulikia sanduku. Hapa ndipo sharika nyingi zilipokosea tangu mwanzo. Mchungaji au mhasibu alikwenda kaunta na kitambulisho chake, akajaza fomu kama mtu binafsi kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi, au kwa sababu ada ya mtu binafsi ni ndogo kuliko ya taasisi. Akiba iliyopatikana ni ya fedha kidogo sana. Gharama yake ni kwamba mbele ya Posta, usharika haujulikani. Mpangaji ni yule mtu. Akihama, akistaafu au akifariki, haki ya sanduku haiendi kwa usharika moja kwa moja, na aliyebaki hana barua wala risiti ya kuonyesha kwamba lilikuwa la usharika.

Ada hulipwa kwa mwaka, na mwaka wa sanduku ni mwaka wa kalenda. Viwango hutofautiana na hubadilika, kwa hiyo viulizwe kaunta. Jambo la kuzingatia ni wakati. Mwaka mpya unapoanza Posta hutoa muda wa kulipa, na asiyelipa sanduku lake hufungwa na baadaye anaweza kupewa mwombaji mwingine. Januari ni mwezi mbaya kwa hazina zetu: sadaka za Krismasi zimeshapangiwa kazi, karo za shule zinadaiwa, na mtunza hazina mpya pengine bado hajakabidhiwa vitabu. Ndiyo maana tunashauri ada ya sanduku iwekwe kwenye bajeti kama kifungu kinachojitegemea na fedha yake itengwe kabla Desemba haijaisha. Kuibana kwenye "matumizi ya ofisi" ndiko kunakofanya isahauliwe.

Sanduku likipewa mwingine, barua zenye jina lenu zinaendelea kuja kwa miaka, kwa sababu anwani yenu imeshaandikwa kwenye katiba, kwenye fomu za benki, kwenye vitabu vya anwani vya sharika rafiki. Zinaingia katika sanduku la mtu ambaye hawajui. Mwungwana atazirudisha kaunta. Asiye mwungwana atazitupa, au atazifungua.

Kuhusu ufunguo, kanuni ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Ufunguo hukabidhiwa mpangaji. Ukipotea, njia salama ni kutoa taarifa ofisi ya posta na kitasa kibadilishwe kwa gharama ya mpangaji. Kuchongesha funguo za ziada kwa fundi wa mtaani ndiko kunakotuletea matatizo, kwa sababu baada ya miaka mitano hakuna ajuaye funguo ngapi zipo na ziko mikononi mwa nani. Tumekuta sanduku moja lenye funguo nne: mmoja kwa mchungaji, mmoja kwa mwinjilisti, mmoja kwa kijana aliyekuwa akisoma mjini na kupita posta kila Ijumaa, na wa nne hakuna aliyejua ulipo. Usharika wa namna hiyo ukisema barua haikufika, nani ataulizwa?

Mpangaji pia hana haki ya kulikodisha sanduku kwa mtu mwingine. Kupokea barua za watu wa nyumbani au wafanyakazi wa taasisi ni jambo la kawaida. Kulifanya sanduku la usharika kuwa anwani ya biashara ya mtu, hata kama ni mshiriki mwaminifu, ni jambo jingine. Siku biashara hiyo ikidaiwa, wadai wataifuata anwani.

Kwa maeneo yaliyo mbali na posta ulikuwapo pia utaratibu wa mfuko binafsi wa posta. Misheni na mashamba makubwa ndio waliokuwa wateja wake wakubwa. Barua ziliwekwa kwenye mfuko wenye kufuli, ufunguo mmoja ukabaki posta na mwingine kwa mwenye mfuko, na aliyebeba mfuko njiani hakuweza kuufungua. Wazee wetu waliosoma katika shule za misheni wanaukumbuka. Naueleza hapa kwa sababu unaonyesha jambo ambalo tumeliacha: mtu wa kubeba barua hakuwa lazima awe ndiye mtu wa kuzifungua.

Posta wanawajibika mpaka wapi?

Tanzania ni mwanachama wa Umoja wa Posta Duniani, ambao ulianzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, na barua zinazovuka mipaka huongozwa na Mkataba wa umoja huo. Mkataba unasema kwamba barua au kifurushi kinabaki kuwa mali ya aliyekituma mpaka kitakapofikishwa kwa mwenye haki ya kukipokea, isipokuwa kama kimekamatwa kwa mujibu wa sheria za nchi. Pia unasema kwamba shirika la posta likishakabidhi kitu kwa kufuata kanuni zake, uwajibikaji wake umekwisha.

Tuweke hayo mawili pamoja. Barua ya kawaida ikishawekwa kwenye sanduku lenye namba iliyoandikwa juu yake, kazi ya Posta imemalizika. Nani mwenye ufunguo, nani aliichukua, kama ilibaki mfukoni mwa koti la mtu kwa wiki tatu, hayo ni mambo ya mpangaji. Kamati zinazokuja ofisini kwetu kulalamika kwamba "Posta wamepoteza barua" tunawauliza kwanza juu ya ufunguo, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Sheria za nchi nazo zinaongeza uzito. Tulirithi kutoka Uingereza kanuni ya kwamba pale sheria inaporuhusu hati kutumwa kwa posta, hati iliyoandikwa anwani sahihi, ikalipiwa na kupostiwa, itahesabiwa kuwa imefika katika muda ambao kwa kawaida ingefika, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo usharika unaweza kuhesabiwa kuwa umepata notisi ambayo hakuna mjumbe hata mmoja aliyeiona. Siku za kujibu au za kukata rufaa zinaanza kwenda wakati bahasha imelala gizani. Kwa masuala ya ardhi naomba kamati zikumbuke kwamba viwanja vyenye hati viko chini ya Bodi ya Wadhamini ya dayosisi. Anwani inayopaswa kutumika huko ni ya Bodi. Tumeona fomu za viwanja zilizojazwa S.L.P. ya katibu wa kamati ya ujenzi, mtu ambaye kipindi chake cha uongozi kilikwisha siku nyingi.

Barua ya rejesta ina utaratibu wa peke yake. Yenyewe haiwekwi sandukuni. Kinachowekwa ni kijikaratasi cha kutoa taarifa kwamba kuna kitu kaunta. Anayekwenda kukichukua huonyesha kitambulisho, na kama ni cha taasisi huleta barua ya kumwidhinisha yenye muhuri, kisha huweka sahihi. Kwa kanuni za kimataifa vitu visivyochukuliwa hutunzwa kwa muda ambao kwa kawaida hauzidi mwezi mmoja, na kwa sababu maalumu unaweza kufikia miwili. Baada ya hapo hurudishwa kwa mtumaji.

Usharika mmoja wa kwetu, ambao sitautaja, ulipoteza rafiki kwa njia hiyo. Sanduku lilikuwa kwa jina la mchungaji, naye alihamishiwa jimbo jingine mwezi wa nane akaondoka na ufunguo kwenye mkungu mmoja na funguo za pikipiki. Hakuwa na nia mbaya, na alipokumbushwa aliutuma kwa basi. Lakini katikati ya hapo usharika rafiki wa Ujerumani ulikuwa umetuma kwa rejesta mkataba wa mradi wa maji, nakala mbili, wakiomba moja irudi na sahihi. Kijikaratasi kilikaa sandukuni mpaka muda ukapita. Bahasha ilirudi Ujerumani ikiwa na alama ya kutochukuliwa. Kamati ya kule ilielewa kwamba wenzao hawakutaka hata kwenda posta. Ilichukua karibu mwaka mzima wa maelezo kurudisha mazungumzo, na kwa wakati huo fedha ilikuwa imeshaelekezwa mahali pengine. Kina mama wa mtaa ule wanateka maji kwenye kijito kilekile mpaka leo.

Barua za watu wengine ndani ya sanduku letu

Jambo hili halizungumzwi sana, nami naliona zito kuliko ada na ufunguo. Sanduku la usharika hubeba barua za watu wengi: vijana wanaosubiri majibu ya kazi, wajane wanaofuatilia mirathi, watoto wanaofadhiliwa, mtu aliyeandikiwa na hospitali ya rufaa. Wote wameandikiwa kwa kupitia S.L.P. ya usharika kwa sababu hawana yao.

Katiba ya nchi, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa mawasiliano yake binafsi. Tangu mwaka 2022 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kupewa ufunguo wa sanduku hakumpi mtu ruhusa ya kufungua bahasha yenye jina la mwingine. Mkuu wa kituo asifungue barua ya mfanyakazi "ili aone kama ni ya kazi." Mzee wa kanisa asifungue barua ya mjane "ili amsomee," isipokuwa mjane mwenyewe ameomba. Barua ya hospitali iliyofunguliwa ofisini kwa bahati mbaya ikasomwa na watu watatu haifungiki tena, na kijijini habari ina miguu mirefu.

Kwa barua za watoto wanaofadhiliwa hali ni tofauti kidogo. Huko taratibu za ulinzi wa mtoto zinataka mratibu aisome barua kabla mtoto hajaipokea, na mfadhili anajua hivyo tangu mwanzo. Tunawaomba wafadhili watume barua hizo kwa anwani ya ofisi ya mradi, na wasiombe wala kutumia anwani ya familia.

Dawa ya mambo haya yote ni daftari. Daftari la kawaida la kaunta, lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina lililo kwenye bahasha, inakotoka, aliyeileta kutoka posta, aliyekabidhiwa, sahihi. Baadhi ya sharika zimeshaanza, na moja imetenganisha kazi vizuri sana: anayeshika ufunguo ni mwinjilisti, anayeshika daftari ni katibu, na barua huhesabiwa wakiwa wawili. Mtu asione kwamba hapo anashukiwa wizi. Daftari humlinda aliyeshika ufunguo kuliko linavyomlinda mtu mwingine yeyote.

Kwa wafadhili na sharika rafiki

Kwanza, tafadhali msiweke noti za fedha ndani ya barua au kadi. Tunajua inafanywa kwa upendo, hasa wakati wa Krismasi. Mkataba wa Posta Duniani unakataza noti na sarafu kwenye barua zisizo na bima. Ruhusa pekee ni kuziweka ndani ya bahasha iliyofungwa na kutumwa kwa rejesta, tena kama sheria za nchi zote mbili zinakubali. Na hata hapo, fidia ya barua ya rejesta iliyopotea ni kiasi maalumu kisichotazama kilichokuwa ndani: imepangwa kuwa SDR 30, kipimo cha fedha cha kimataifa, ambazo ni karibu dola 40 za Marekani. Noti ya yuro 100 inayopotea ndani ya kadi haina mtetezi, na inawaweka makarani na watunza funguo wetu kwenye majaribu na shutuma bila sababu. Tumieni benki.

Pili, barua ya rejesta au kifurushi huwa na namba ya ufuatiliaji: herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi inakotoka. Itumeni namba hiyo kwa barua pepe au simu siku hiyohiyo mliyopostia. Tukiwa nayo, mtu wetu anaweza kuuliza kaunta hata kama kijikaratasi hakikuonekana. Kitu kikichelewa, anayepaswa kuanza kuulizia ni mtumaji, kwenye posta ya kwake, ndani ya miezi sita tangu siku inayofuata ile ya kupostia. Fidia nayo kwanza ni haki ya mtumaji. Kwa hiyo mkikaa kimya kwa kuogopa kutuaibisha, muda unapita na hakuna tena wa kuulizwa.

Tatu, kwenye kifurushi jazeni fomu ya forodha kwa ukweli na kwa maneno yanayoeleweka. "Zawadi" haitoshi. Andikeni "fulana 12 za watoto zilizotumika" na thamani yake. Tangu mwaka 2021 taarifa za vitu vinavyosafirishwa kwa posta hutangulia kwa njia ya kielektroniki, na maelezo ya ovyo huchelewesha kila kitu. Wekeni na namba ya simu ya ofisi ya mradi. Na kama kifurushi ni cha taasisi, andikeni jina la taasisi juu, na la mtu chini yake kwa neno "kwa kupitia." Kifurushi kilichoandikwa jina la daktari peke yake, mbele ya forodha ni mali ya daktari, na kuomba msamaha wa kodi kwa jina la hospitali baadaye huwa ni mlima.

Anwani mpya na masanduku ya simu

Mambo yanabadilika. Mwezi wa Februari 2022 Serikali ilizindua Operesheni ya Anwani za Makazi, na leo nyumba nyingi zina vibao vya namba na barabara za vijijini zina majina. Kila kata ina postikodi yake ya tarakimu tano, ambapo tarakimu za mwanzo zinaonyesha kanda na mkoa. Za Arusha zinaanza na 23, za Kilimanjaro na 25. Tunashauri postikodi iandikwe kwenye karatasi za barua za usharika pamoja na S.L.P. Isichukue nafasi ya S.L.P., kwa sababu kibao cha namba ukutani bado hakimaanishi kwamba kuna mtu atakayeleta barua mpaka hapo.

Shirika la Posta limeanzisha pia Posta Kiganjani, ambapo namba ya simu inakuwa ndiyo sanduku, na mwenye namba hupata ujumbe barua yake inapofika. Kwa mshiriki mmoja mmoja tunaipongeza kwa moyo wote. Mwanafunzi au mkulima ana anwani yake bila kupitia kwa mwalimu wala mzee wa kanisa. Kwa usharika, hapana, au angalau siyo kwa haraka. Laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na wasiofanya hivyo walianza kufungiwa Januari 2020. Usharika hauna vidole. Tukiandikisha sanduku la usharika kwenye laini ya mchungaji, tumelirudia tatizo la ufunguo kwa namna mbaya zaidi, maana kitasa cha Posta kinaweza kubadilishwa lakini kidole cha mtu huhama naye.

Ofisi ya miradi inaomba kila kamati ilete yafuatayo kabla ya tarehe 15 Desemba, kwa mkono wa mjumbe wa jimbo: nakala ya risiti ya ada ya sanduku ya mwaka huu, jina la mpangaji kama lilivyo kwenye kumbukumbu za Posta, na majina ya walioshika funguo, pamoja na idadi ya funguo hizo. Sharika ambazo sanduku lina jina la mtu binafsi zitaandikiwa na ofisi yetu barua ya kumtambulisha mwombaji mpya, na ni vizuri mpangaji wa sasa aende naye kaunta siku hiyo, akiwa na kitambulisho na risiti ya mwisho. Sharika zisizo na sanduku kabisa zinaweza kuendelea kutumia la jimbo, kwa sharti kwamba katibu wa jimbo awe na daftari. Kama mpangaji wa zamani amefariki, leteni taarifa mapema zaidi, mwezi wa Novemba, kwa kuwa hapo kutahitajika maelezo marefu na meneja wa posta wa eneo husika.